Maswali ya Wasomaji: Likizo ya Theluji katika Vijiji vya Alpi

Barua za toleo hili zimetoka Ntinda, Mbarara, Kasese, Jinja na Arua, na zote zinauliza habari za kwenda Ulaya kuteleza kwa skii. Wengi wametaja milima mirefu na maarufu. Sisi tunawaomba muanze na kijiji. Anayevaa skii mara ya kwanza hutumia siku mbili tatu za mwanzo kwenye mteremko mdogo, mfupi kuliko uwanja wa mpira, na kilele kinachoonekana kwenye picha hakimhusu hata kidogo. Kinachomhusu ni umbali wa mteremko huo kutoka mlangoni kwake, mwalimu atakayemshika mkono, na buti zinazomkaa vizuri mguuni.

Tumeweka akiba miaka miwili tuwapeleke watoto wetu watatu, wa miaka 5, 9 na 13. Shemeji yangu aliyeko Ujerumani anasisitiza twende Krismasi. Je, ana haki? Na twende kijiji gani? – Mama wa watatu, Ntinda

Mama, shemeji yako anaifuata kalenda ya huko aliko. Nyinyi mna kalenda nzuri zaidi. Kuanzia siku chache kabla ya Krismasi hadi sikukuu ya tarehe 6 Januari, vijiji vya milima ya Alpi hujaa na bei hupanda. Hujaa tena Februari, shule za Ulaya zinapofunga kwa zamu. Katikati, tangu tarehe 8 hivi hadi mwisho wa Januari, watoto wa Ulaya wako darasani. Wenu wako nyumbani, kwa sababu muhula wa kwanza Uganda hufunguliwa mwanzoni mwa Februari. Ni nafasi ambayo wazazi wa Ulaya hawawezi kuipata bila kuwatoa watoto shuleni. Itumieni.

Januari ina gharama yake: baridi kali na siku fupi. Usiku kijijini kipimo huweza kushuka hadi nyuzi 10 chini ya kuganda, na lifti nyingi za kuwapandisha watu mlimani hufungwa saa kumi jioni, au 16:00 kama wanavyoandika wao. Lakini baridi hiyohiyo ndiyo inayoihifadhi theluji isigeuke uji mchana na barafu asubuhi, na anayejifunza huteseka zaidi kwenye barafu kuliko kwenye baridi.

Vyumba vingi hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi, na madarasa ya wanaoanza hufunguliwa Jumapili au Jumatatu. Kwa hiyo ondokeni Entebbe Ijumaa usiku, mfike kijijini Jumamosi mchana, na jioni hiyohiyo mkapimwe buti. Anayeenda kukodisha vifaa asubuhi ya darasa hukuta foleni, hupewa buti haraka haraka, na wiki nzima huharibika.

Kuhusu kijiji, kwa familia yenye mtoto wa miaka 5 tungechagua Wengen, Uswisi. Kiko mita 1,274 juu ya bahari, hakifikiwi kwa barabara ya magari ya watu wote, mnapanda treni kutoka Lauterbrunnen bondeni, na mteremko wa wanaojifunza uko katikati ya kijiji. Mzazi anaweza kusimama pembeni akamwona mwanawe. Uswisi ni ghali, hilo halifichiki. Mkitaka nafuu, angalieni Alpbach huko Tyrol, Austria: nyumba za mbao, nyingi zikiwa nyumba za wageni za familia zinazotoa chai ya asubuhi na chakula cha jioni ndani ya bei. Mnashuka treni Brixlegg, mnamalizia kwa basi. Kijiji hiki kiko chini zaidi, kama mita 1,000, kwa hiyo mwaka wa joto theluji ya kijijini huwa haba na mtapanda lifti kuifuata hadi karibu mita 2,000.

St. Anton ya Austria msikimbilie, ingawa jina lake ni kubwa. Chama cha skii cha Arlberg kilianzishwa eneo hilo mwaka 1901, na Hannes Schneider, mwalimu maarufu wa skii, alifundishia hapo, lakini njia zake za rangi ya buluu, yaani zile rahisi, ni za mwinuko ambao vijiji vingine wangeupaka nyekundu, rangi ya njia ngumu zaidi. Zermatt ya Uswisi nayo ni nzuri mno, na mlima Matterhorn wa mita 4,478 unasimama mbele yako. Ila anayeanza hulazimika kupanda juu kila asubuhi kutafuta theluji rahisi.

Kabla hamjalipa, iandikieni hoteli maswali haya: kutoka mlangoni hadi mteremko wa wanaojifunza ni mita ngapi? Kuna chumba chenye joto cha kukaushia buti? Chakula cha jioni kimo kwenye bei? Darasa la watoto linapokea wa miaka 5, na chakula chao cha mchana ni juu ya nani? Mita 800 zinaonekana chache kwenye ramani. Mvalishe mtoto buti ngumu za plastiki na umbebee skii zake, ndipo utakapojua urefu wake.

Urefu wa milima usikutie hofu. Kampala yenyewe iko karibu mita 1,200, sawa na Wengen, na mtu wa Kabale hulala juu kuliko vijiji vyote tulivyovitaja.

Visa ya Schengen, ile moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, inaombwaje kwa safari kama hii? Rafiki yangu alinyimwa ingawa alikuwa na pesa benki. – Kijana wa Mbarara

Unaomba kwa nchi utakayolala usiku mwingi, hata kama ndege inatua kwingine. Ukishuka Zürich ukapanda treni kwenda kulala wiki nzima Austria, ombi lako ni la Austria. Hapa ndipo wengi hukosea: hupeleka fomu kwenye nchi ya uwanja wa ndege. Baadhi ya nchi hupokea maombi ya Waganda Nairobi na si Kampala, kwa hiyo ulizia mapema ili nauli na siku za kwenda kutoa alama za vidole ziingie kwenye bajeti.

Dirisha la maombi hufunguka miezi 6 kabla ya safari na kufungwa siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini unaweza kufika 45. Kwa safari ya Januari, tafuta miadi Septemba au Oktoba. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na kwa mtoto wa miaka 12 na zaidi, yuro 45 kwa wa miaka 6 hadi 11, na aliye chini ya 6 halipi. Ukinyimwa, ada hairudi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na idumu miezi 3 baada ya siku utakayotoka Ulaya.

Pesa benki pekee hazitoshi. Afisa husoma mwenendo wa akaunti: mshahara unaingia lini, unatumikaje. Milioni nyingi zilizoingia wiki moja kabla ya ombi bila maelezo humtia shaka kuliko akaunti ndogo iliyotulia. Ambatisha barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo na tarehe ya kurudi kazini. Mwenye biashara aweke cheti cha usajili na karatasi za kodi. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja anahitaji kibali cha maandishi cha mzazi wa pili. Chumba chukua kile kinachoweza kufutwa bila kutozwa.

Bima ni lazima, ya angalau yuro 30,000, inayolipia matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani. Lakini bima inayotosha kupata visa inaweza isikufae mlimani. Fungua ukurasa wa yasiyolipiwa, utafute neno la michezo ya msimu wa baridi. Ikiwa skii imetengwa, lipa nyongeza, maana helikopta ya kukutoa mlimani hugharimu maelfu ya yuro. Italia imeongeza masharti yake: kila anayeteleza lazima awe na bima ya madhara anayoweza kuwasababishia wengine, na kuanzia Novemba 2025 helmeti ni lazima kwa watu wa umri wote.

Nguo za theluji tutazipata wapi hapa? Na kuna haja ya kununua skii? – Msomaji wa Kampala

Skii, buti, fimbo na helmeti kodisha hukohuko. Nguo nunua hapa, na pa kuanzia ni soko la Owino. Makoti ya skii huletwa kwenye marobota ya mitumba kutoka Ulaya, na kwa kuwa Kampala hakuna anayeyahitaji sana, hayapiganiwi. Ila kagua kwa makini. Geuza koti ndani nje: mishono iwe imefunikwa kwa utepe, na utepe usiwe unabanduka. Kiunoni ndani pawe na kitambaa chenye lastiki cha kuzuia theluji isipande mgongoni ukianguka. Vuta zipu zote mara kumi. Mwisho, dondoshea bega matone ya maji: yakikaa kama shanga, koti lingali zima. Yakinywewa palepale, tafuta jingine, au lipake dawa ya kurudisha kinga ya maji.

Mavazi ni matabaka matatu. La ndani ni la sufu nyembamba au nailoni ya michezo, la kati ni sweta ya flisi, la nje ni koti na suruali visivyopitisha maji wala upepo. Pamba usiiguse. Fulana ya pamba hunywa jasho, jasho hupoa ukiwa umekaa kwenye kiti cha lifti, na baridi unayoisikia hapo inatoka ndani ya nguo zako. Jinzi ni hivyohivyo, tena huganda ikawa ngumu kama bati. Mikononi, glavu zinazoweka vidole vinne pamoja zina joto kuliko zile za kidole kimoja kimoja, na kwa watoto tunaona ndizo pekee zinazofaa. Chukua jozi mbili, moja ikauke wakati nyingine inavaliwa.

Soksi ni moja tu kila mguu, ndefu hadi chini ya goti. Watu huvaa mbili wakidhani wanajikinga, kumbe buti hubana, damu haifiki vidoleni, na miguu inakuwa baridi zaidi.

Buti ndiyo kila kitu. Kipimo chake ni sentimita za mguu. Simama kisigino kikigusa ukuta, pima miguu yote miwili hadi ncha ya kidole kirefu, uandike. Mguu wa sentimita 26.5 unavaa 26.5. Ukisimama wima ndani ya buti, vidole viguse mbele kidogo tu. Ukikunja magoti, virudi nyuma viache kugusa. Kisigino kisiinuke kabisa. Anayeanza huhisi buti sahihi inabana, akaomba kubwa zaidi, na dukani atapewa. Kuanzia hapo mguu unaogelea ndani, skii haifuati amri, kucha zinavilia damu, na jioni anasema mchezo huu ni mgumu. Vifungo viwili vya chini vifunge kwa wepesi, vya juu ukaze.

Skii ya anayeanza isimame hadi kidevuni. Fimbo igeuze kichwa chini, uishike chini ya duara lake: kiwiko kikifanya pembe mraba, urefu ni wako. Kishikizo kinachofunga buti kwenye skii hurekebishwa kwa uzito, urefu, umri na uzoefu wako, kwa hiyo taja kilo zako za kweli. Ukijiongeza au kujidai mzoefu, kishikizo hakitafunguka ukianguka, na goti ndilo litakalopinduka. Ukijipunguza, skii itakuchomoka ukiwa katika mwendo.

Miwani na mafuta ya kuzuia jua ni kwa kila rangi ya ngozi. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale mikali ya jua, na kila mita 1,000 unazopanda huiongeza kwa karibu asilimia 10. Ngozi nyeusi huungua pia, hasa puani, midomoni na chini ya kidevu ambako miale hutoka chini. Macho yasiyokingwa huvimba na kuchoma usiku kama yaliyotiwa mchanga.

Tuna theluji yetu Rwenzori. Kwa nini tusiteleze hapa? – Mzee wa Kasese

Mzee wetu, swali hili linauma. Kilele cha Margherita kiko mita 5,109, na mwaka 1906, mpanda milima wa Italia Luigi Amedeo wa Abruzzi alipofika huko, barafu ya Rwenzori ilikuwa karibu kilomita za mraba 6.5. Kufikia 2003 ilikuwa imebaki chini ya moja. Kilichosalia ni barafu ngumu yenye nyufa, inayopandwa kwa kamba na viatu vya miiba baada ya siku kadhaa za kutembea kwenye matope na mvua. Hakuna lifti, wala mteremko laini wa kujifunzia. Rwenzori ni mlima wa kupanda kwa miguu, tena wa kupandwa sasa wakati barafu ingalipo. Alpi nako barafu inayeyuka. Ila theluji ya skii ni ile inayoanguka upya kila msimu wa baridi, na vijiji vilivyo chini huiongezea ya mashine pale hewa inaposhuka chini ya kuganda.

Nina miaka 58 na magoti yana historia. Nitaweza? Na darasani wanafundisha nini? – Baba wa Jinja

Baba, daktari akikubali, anza mazoezi wiki 8 kabla, mara tatu kwa wiki. Egemeza mgongo ukutani ukiwa kama umekaa kwenye kiti kisichokuwepo, sekunde 30 kwanza, upande taratibu hadi 90. Ongeza kuchuchumaa na kuinuka, na kushuka ngazi polepole, kwa sababu skii huchosha misuli ileile inayokuzuia usiporomoke unaposhuka.

Siku ya kwanza utavaa skii moja, utembee, kisha mbili. Utajifunza kufungua visigino na kukutanisha ncha za mbele, skii zichore umbo la kabari. Hiyo ndiyo breki. Utapanda kwa mkanda unaotembea, si kwa kiti cha hewani. Siku ya pili ni kugeuka: ukikanyaga zaidi mguu wa kulia unaenda kushoto, ukikanyaga wa kushoto unaenda kulia. Siku ya tatu au ya nne, wengi hupanda kiti na kushuka njia ya buluu. Rangi hupanda ugumu kutoka buluu hadi nyekundu na nyeusi, na Ufaransa ina kijani kabla ya buluu.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kuegemea nyuma. Hofu humvuta mtu arudi nyuma, ncha za skii hupoteza uzito, usukani unapotea na mwendo unaongezeka. Dawa yake inatisha lakini ndiyo sahihi: inama mbele hadi mfupa wa mguu ubonyeze ulimi wa buti. Ukiona unaanguka, anguka ubavu kuelekea upande wa juu wa mlima, na usikae chini wakati skii zinaendelea kwenda. Hapo ndipo magoti hukatika.

Usinunue pasi ya lifti za eneo zima kwa wiki. Siku mbili au tatu za kwanza lifti za wanaoanza zina tiketi yake ya bei nafuu, na kwingine ni bure. Njiani, aliye chini yako ana haki ya njia, maana hakuoni. Ukisimama, simama ukingoni. Usitoke nje ya njia zilizowekwa alama: hatari ya maporomoko hupimwa kwa ngazi 1 hadi 5, na ile ya 3, inayosikika kama ya wastani, ndiyo inayoua wengi. Ajali ikitokea, 112 hupokelewa Ulaya nzima. Waokoaji wa milimani Austria ni 140, na wa helikopta Uswisi ni 1414. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, kwani baridi huzima betri iliyojaa.

Na usiposikia raha ya skii, usijilazimishe. Njia ya sleji kutoka Faulhorn hadi Grindelwald ina urefu wa kilomita 15, na haihitaji mwalimu.

Sisi ni Waislamu. Tutakula nini huko? – Msomaji wa Arua

Nguruwe yuko mahali msipomtarajia: vipande vidogo ndani ya viazi vya kukaanga, kwenye supu, na kwenye maandazi makubwa ya Tyrol yanayochemshwa. Fondue, ile jibini ya kuyeyusha inayochovywa mkate, hupikwa kwa divai nyeupe. Raclette, jibini inayoyeyushwa na kumwagwa juu ya viazi, kwa kawaida haina divai, ila sahani ya nyama inayoletwa pembeni muikatae. Käsespätzle, tambi fupi za mayai na jibini, mara nyingi hazina nyama. Kaiserschmarrn, chapati nene tamu iliyochanwachanwa, huwa na zabibu zilizolowekwa kwenye ramu, kwa hiyo ombeni isiyo na zabibu. Kwa familia, afadhali mkodishe nyumba yenye jiko na mnunue nyama halali Zürich au Innsbruck kabla ya kupanda treni ya mwisho. Kijijini huenda msiipate.

Mwanangu ana selimundu. Na je, tukiugua huko? – Mzazi, Kampala

Baridi, upungufu wa maji mwilini na hewa nyepesi, vyote vitatu huamsha maumivu ya selimundu, na mlimani hukutana pamoja. Mtoto mwenye ugonjwa wenyewe asiende bila ruhusa ya daktari wake anayemjua. Waliorithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, ambao Uganda ni wengi na baadhi hawajui, wajipime kabla, na wasipande na lifti za juu kabisa zinazofika mita 3,000 na zaidi bila ushauri. Kila mtu anywe maji mengi hata bila kiu.

Kuhusu kuugua: malaria uliyoumwa na mbu Kampala inaweza kujitokeza siku 7 hadi 14 baadaye, yaani katikati ya likizo. Daktari wa kijijini akiona homa na kutetemeka Januari atafikiri ni mafua. Mwambie kwa sentensi ya kwanza kwamba umetoka Uganda, na umwombe apime damu kutafuta malaria siku hiyohiyo. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe ndani ya pasipoti, kwa kuwa Entebbe wataiuliza mkirudi.